Henderson, Glen au Lawrie? Kulinganisha begipaipu za zamani kabla pesa haijatoka mfukoni

Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja aliyeko Muscat alinitumia picha thelathini na moja kwa mkupuo, saa tano za usiku. "Shikamoo kaka. Kati ya hizi nichukue ipi?" Basi, hakuna zaidi. Zilikuwa picha za seti tatu za begipaipu za zamani, zote zinauzwa Uingereza, zote zimepachikwa majina makubwa ya mafundi wa Uskoti: Henderson, Glen, Lawrie. Yeye hupuliza kwa kujifurahisha, ila Oman hakosi wenzake, maana bendi za kifalme za huko zina wapulizaji wa begipaipu, hadi wale wanaopuliza wakiwa juu ya ngamia. Alikuwa ameweka akiba yake, na seti mpya hakuitaka hata kuisikia.

Mimi ni mtu wa Lindi, naishi Glasgow mwaka wa kumi na tatu sasa. Kwenye biashara hii nimeshaumwa na nyoka, kwa hiyo unyasi tu hunishtua. Nilimjibu kwa sauti, ujumbe baada ya ujumbe, na kwa kuwa wapo wengine wanaouliza hayo hayo, nayaandika hapa yakiwa yamepangwa kidogo. Jibu nililompa si lile ambalo ningejipa mwenyewe, na sababu yake mtaiona.

Unanunua droni, chanta ni nyongeza

Begipaipu ya Nyanda za Juu za Uskoti, ile kubwa tunayoiona kwenye magwaride, ukiifungua yote ina vipande 14 vya mbao. Kuna mabomba matatu ya mvumo yanayolala begani, ambayo wenyewe tunayaita droni: tenori mbili zenye vipande viwili viwili, na besi moja yenye vitatu. Kuna stoki tano, yaani vile vishikizio vinavyofungwa kwenye shingo za mfuko ili mabomba yachomekwe humo. Kuna kipulizio cha mdomoni. Na kuna chanta, bomba lenye matundu ya vidole, ndilo linalotoa wimbo.

Mtu mgeni huangalia chanta kwanza kwa sababu ndiyo inayochezwa. Kumbe kwenye seti ya zamani chanta ndiyo kitu cha mwisho cha kulipia. Noti ya A ya begipaipu imekuwa ikipanda miaka na miaka. Bendi za leo huiweka karibu na mitetemo 480 kwa sekunde, wakati A ya piano iko kwenye 440. Chanta ya zama za Malkia Victoria iko chini sana ya hapo. Ukiingia nayo kwenye bendi, kiongozi atakuangalia kama mtu aliyekuja harusini na kanzu ya kulalia. Utanunua chanta mpya tu, na ile ya zamani utaiweka kabatini kwa mapenzi. Droni ndizo hazizeeki hivyo. Zinasukumwa juu na chini kwenye vishina vyake mpaka zikubaliane na chanta, kwa hiyo droni ya mwaka 1890 inaweza kuimba vizuri na chanta iliyotoka kiwandani wiki jana. Hicho ndicho watu wanachokilipia maelfu ya pauni.

Sasa hapo ndipo mtego ulipo. Mafundi wengi wa zamani hawakupiga mhuri kwenye droni. Jina liko kwenye chanta, na mara mojamoja kwenye stoki. Chanta nayo hubadilishwa kirahisi kuliko kitu chochote: ikipasuka, inatupwa, ikishuka sauti, inawekwa nyingine. Kwa hiyo chanta iliyoandikwa "P. Henderson Glasgow" inathibitisha jambo moja tu, kwamba chanta ni ya Henderson.

Mimi somo hili nililipia. Mwaka wangu wa nne hapa nilinunua seti mnadani, chanta ina mhuri safi kabisa, muuzaji ameandika jina kwa herufi kubwa. Nikafika nyumbani, nikazipanga tenori mbili mezani chini ya taa, nikapitisha ukucha. Kwenye ya kwanza ukucha ulikwaruza mistari myembamba iliyobanana. Kwenye ya pili mistari ilikuwa imepwaya, na ushanga uliokerezwa juu yake ulikuwa mnene zaidi. Tenori mbili, mama mbalimbali. Besi ilikuwa ya baba wa tatu. Seti niliyoilipia kama ukoo mmoja ilikuwa mkutano wa kijiji.

Tangu hapo naanza na chanuo. Hiyo mistari midogo inayozunguka droni huchorwa kwa chuma chenye meno, kama kichana kidogo, mbao ikiwa bado inazunguka kwenye mashine ya kukerezea. Kila karakana ilikuwa na vyuma vyake, na fundi aliporudia chuma kile kile kila siku, nafasi ya mistari ikawa kama sahihi yake. Hesabu mistari ya kila kundi, pima upana wa kundi, linganisha vipande vyote saba vya droni. Halafu tazama umbo la kola, zile pete pana zilizochomoza: ukingo wake umeviringwa au una pembe, shingo inashuka polepole au imekatwa ghafla. Kwenye picha za simu hili linaonekana, ilimradi muuzaji apige picha kwa upande, mwanga ukitoka kulia au kushoto. Anayekataa kupiga picha hiyo, mshukuru, umeokoa pesa.

Kwa seti zetu tatu: ile ya Henderson ililingana vipande vyote saba. Ya Glen ililingana pia, ila kipulizio ni cha juzi, jambo la kawaida kwani kipulizio ndicho kinacholoa mate kila siku na ndicho kinachokufa kwanza. Ya Lawrie droni zililingana, stoki moja ni ya plastiki nyeusi. Stoki moja si kesi.

Majina matatu, na moja la ndotoni

Henderson ndiye anayevuta bei. Peter Henderson alifungua biashara yake hapa Glasgow katika nusu ya pili ya karne ya 19 na akafariki mwaka 1903. Baada yake karakana ikawa mikononi mwa John MacDougall Gillies, mpulizaji mkubwa wa enzi zake, hadi alipofariki 1925. Kampuni iliendelea na jina lile lile, na mwaka 1973 ikanunuliwa na R.G. Hardie, naye wa Glasgow. Fikiria basi: "Henderson" inaweza kuwa na miaka zaidi ya 120, na inaweza kuwa na miaka 55. Wanaposifu Henderson, wanasifu hasa zile za enzi ya Peter mwenyewe na za Gillies. Besi yake imesimama, haiyumbi, na tenori zake zina nguvu bila kufunika chanta. Ndiyo maana mafundi wengi wa leo wanapokereza seti mpya huanza na vipimo vya tundu la Henderson. Kwa mnunuzi hilo lina maana mbili. Ukipata ya kweli umepata asili yenyewe. Lakini pia nakala nzuri mpya inakupa sehemu kubwa ya sauti hiyo kwa bei ndogo, tena bila nyufa za mababu.

Za miaka ya 1960 mimi huzipuliza kwanza, jina nalisoma baadaye. Zipo nzuri, na zipo za kusukuma siku.

Glen ni ukoo wa Edinburgh, na hapa watu huchanganya. Thomas McBean Glen alianza mwaka 1827. Wanawe John na Robert ndio J & R Glen, duka lililokuja kudumu karibu na ngome ya Edinburgh hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndugu yake Thomas, Alexander, alikuwa na biashara yake mwenyewe, ikarithiwa na mwanawe David. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "Glen", muulize Glen wa nani. Si udadisi wa bure, maana kati ya mjomba, binamu na wajukuu kuna karibu karne moja na nusu ya kukereza. Sauti yao, hasa ya zile za kale, ni ya ndani, laini, inakukumbatia begani zaidi kuliko inavyokwenda mbali. Ukiwa peke yako chumbani unapuliza wimbo wa polepole, hutaki kushusha mfuko. Ukiwa katikati ya wapulizaji kumi na ngoma, huisikii.

Lawrie ni wa Glasgow, jina R.G. Lawrie, biashara iliyoanza 1881. Kwa bei humkuta chini kidogo ya Henderson, na hili limekuwa likinishangaza, kwa sababu sikio langu mara nyingi halioni tofauti inayolingana na tofauti ya pesa. Besi yake ni nene, pengine nene kuliko ya jirani yake. Zipo nyingi sokoni kwa sababu walitengeneza nyingi, na wingi huo ndio unaoshusha bei. Ubora hauhusiki.

Na yule wa ndotoni: MacDougall wa Aberfeldy. Duncan MacDougall alihamia mji huo mdogo wa Perthshire miaka ya 1870, akafariki 1898, mwanawe Gavin akaendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha mlango ukafungwa. Hawakuacha kampuni ya kuendeleza jina, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo. Niliwahi kupuliza moja kwa dakika kumi, nyumbani kwa mzee mmoja. Droni tatu zilishikana mpaka nikawa nasikia noti ambayo hakuna bomba lililoipiga. Mzee akanyoosha mkono kuidai kabla sijamaliza wimbo. Ukiona MacDougall inauzwa bei rahisi mtandaoni, ama siyo, ama ya wizi.

Mbao: hapa sisi tuna jambo la kusema

Wauzaji wengi wa Ulaya huandika abunusi kwa kila mti mweusi. Usiwachukulie kwa neno lao. Begipaipu za zamani utazikuta kwenye miti mitatu mikuu: abunusi halisi, kokasi kutoka Jamaika na Kuba, na mpingo wetu.

Mpingo ulianza kuwafikia mafundi wa Uskoti kwa wingi kuelekea mwisho wa karne ya 19. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869, meli zikawa zinafika pwani yetu kwa njia fupi, na huku kokasi ilikuwa inaadimika visiwani. Leo karibu kila begipaipu ya mbao inayotengenezwa Uskoti ni mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo huo inatoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mti wenyewe hukua kwa uvivu, miongo saba na zaidi kabla haujafaa kukatwa, na kiini cheusi ni sehemu ndogo ya gogo. Wamakonde wanaujua utu wake. Nilipofika Glasgow nikaingia karakana ya mtu nikakuta vipande vyake vimepakwa nta kwenye ncha, vimepangwa kama mikate, vinakaushwa. Nikanusa. Nilikaa kimya kidogo.

Kuutambua kwenye seti ya zamani si kazi kubwa ukiwa na tochi. Fungua droni, shika kipande cha juu, mulika ukuta wa ndani karibu na mdomo, mahali ambapo vanishi na jasho havijafika. Mpingo ni mweusi wenye zambarau au kahawia kwa mbali, na vinyweleo vyake ni vidogo sana. Kokasi inakuja kahawia ya chai ya rangi, yenye michirizi ya manjano au kijani kibichi cha zeituni. Kwa nje inaweza kuwa imepigwa weusi na miaka ukaapa ni mpingo. Abunusi ni nyeusi tititi, kama masizi, na ndiyo inayopasuka haraka kuliko wenzake. Pima pia kwa mkono: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, ila tafadhali asitokee mtu akaijaribu droni ya mwaka 1900 kwenye beseni.

Seti ya Glen ilikuwa kokasi, nilijua kutoka picha ya tisa, ile aliyomulika ndani. Kokasi ina upole wake wa sauti, au labda ni mafundi wa zama hizo waliotoboa matundu membamba zaidi, wataalamu wanabishana. Ninachojua ni kwamba zama na mti huenda pamoja: kokasi ikionekana, uwezekano ni mkubwa kuwa seti ni ya karne ya 19 au mwanzoni mwa ya 20. Henderson na Lawrie zilikuwa mpingo.

Kwa upande wa sheria mpingo hausumbui sana sasa. Jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo umo ndani yake, iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, wapulizaji wakahangaika na vibali mipakani, kisha mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikatolewa kwenye sharti hilo.

Kola nyeupe, na kwa nini nilimwambia aachane na Henderson

Henderson ile ilikuwa nzuri. Naomba nikiri hilo kwanza. Kola zote, kofia za juu, hadi pete: pembe za ndovu, zimegeuka rangi ya maziwa yaliyochemka na kuacha utando. Tulihakiki. Kwenye uso wa kola uliokatwa mlalo, picha ya karibu ilionyesha mistari inayokatana kama wavu wa ukili, mishale midogo juu ya mishale. Hiyo ni alama ya pembe ya ndovu, na mtengenezaji wa plastiki hawezi kuiga mkatano huo. Seluloidi, plastiki ya kale iliyoigiza pembe, huonyesha mistari sambamba iliyonyooka mno, kama daftari. Plastiki za mwanzo za miaka ya 1930 hazina mistari, nazo huzeeka kuelekea rangi ya asali au chungwa. Chini ya taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, pembe hung'aa weupe wa buluu, plastiki nyingi hufifia. Ile mbinu ya sindano ya moto achaneni nayo: inaacha kovu, na seluloidi hushika moto.

Basi ni pembe halisi, na seti ni ya kweli. Tatizo ni kwamba mnunuzi yuko Muscat, na likizo zake ni Zanzibar na Dar.

Uingereza ina sheria ya pembe ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022. Ala ya muziki iliyotengenezwa kabla ya 1975 yenye pembe chini ya asilimia 20 ya ujazo wake inaruhusiwa kuuzwa, lakini lazima isajiliwe kwanza. Muuzaji wetu alipoulizwa namba ya usajili alijibu kwamba begipaipu ni ya babu yake. Hilo si jibu. Hata ingesajiliwa, usajili huo ni wa kuuza huko huko. Kuvusha mpaka ni vibali vya CITES, na Oman nayo imo kwenye mkataba huo. Kisha fikiria umeshuka uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar na boksi lenye pembe za ndovu, unaanza kumweleza askari wa wanyamapori habari za Peter Henderson. Kenya ilichoma tani 105 za pembe mwaka 2016 hadharani. Hakuna atakayetaka kusikia habari za sauti ya besi.

Kuna jambo lingine, nalo si la sheria. Karne ya 19 soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar, na nyingi zilielekea London na Bombay. Siwezi kusema kola hizo zilipita Unguja. Lakini huwa nawaza, nikiishika seti ya namna hiyo: mbao ya Lindi, pembe labda ya Tabora iliyobebwa kichwani hadi Bagamoyo, na jina lililoandikwa juu yake ni Glasgow.

Wapo wanaomwomba fundi azing'oe kola na kuweka za plastiki. Inawezekana, na sauti haitaguswa. Thamani ndiyo itakayoshuka, kwa hiyo utakuwa umelipia pembe ili uzitoe.

Fedha inasema mwaka, lakini wa fedha

Lawrie ilikuwa na pete za fedha zilizochongwa nakshi, na kola za plastiki za mwanzo, zimeiva rangi ya asali kama nilivyoeleza. Fedha ya Uingereza ina faida moja: imepigwa mihuri, na mihuri haidanganyi kirahisi. Ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh. Mti wenye ndege, kengele na samaki ni Glasgow, ofisi iliyofungwa 1964. Nanga ni Birmingham. Kichwa cha mfalme au malkia kikiwepo kama alama ya ushuru, kazi ni ya 1890 au kabla. Halafu kuna herufi ya mwaka, ambayo unailinganisha na jedwali la mji husika, maana kila mji ulikuwa na mzunguko wake wa herufi.

Picha ya kumi na saba ilikuwa na ukungu. Nikamwambia aombe nyingine. Ilipokuja: ngome, mbaruti (lile ua la miiba) ya Edinburgh, herufi. Jedwali likaiangusha miaka ya 1930. Rangi ya plastiki ikakubaliana nayo, na hilo ndilo lililonituliza. Fedha peke yake inaeleza umri wa fedha. Mtu anaweza kuwa alipata pesa mwaka 1935 akavalisha droni za babu yake. Ushahidi wa aina mbili ukielekea mahali pamoja, hapo naanza kuamini.

Pete za nikeli, kama zile za Glen, hazina mihuri na hazisemi kitu. Askari wengi walipuliza za nikeli. Zinafubaa, unazing'arisha, yameisha. Sauti ni ile ile.

Nyufa na mikwaruzo

Haya nayapitia haraka kwa kuwa fundi yeyote atakuonyesha. Nyufa hupenda stoki ya kipulizio na stoki ya chanta, mahali penye unyevu, na hupenda kujificha chini ya pete. Ufa uliounganishwa vizuri na kufungwa si msiba. Ufa kwenye kipande cha chini cha droni, pale unapochomekwa ulimi, yaani kile kipande kinachotetemeka na kutoa sauti, ni msiba, kwani hewa ikivuja hapo ulimi hautatulia kamwe.

Mkwaruzo wa ndani ndio wenye hatari ambayo haionekani. Zamani na hata juzi, wapo waliotanua matundu ya droni ili zipate kelele zaidi. Mulika kwa tochi kutoka upande mmoja, tazama kutoka wa pili. Tundu la zamani ambalo halijaguswa linang'aa sawasawa, lina rangi moja ya uzee. Lililotanuliwa lina mizunguko mipya, rangi ya mbao imefunguka kama jeraha bichi. Seti iliyotanuliwa imebaki jina tu, haijalishi limeandikwa nani. Zote tatu zilipita.

Tahadhari moja kuhusu zile zinazoitwa "za kale" kwa pauni mia na kitu. Sialkot, Pakistan, imekuwa ikitengeneza begipaipu tangu siku za utawala wa Waingereza, nyingi kwa mti wa shishamu, ndugu yake mpingo lakini mwepesi na mwenye kahawia iliyo wazi. Zipo zilizopakwa rangi nyeusi, zikawekwa vumbi, zikaitwa za vita vya kwanza. Kwaruza kidogo ndani ya stoki: ukiona kahawia nyepesi chini ya weusi, unajua. Sisemi Sialkot hawajui kazi, kuna karakana za huko zinazokereza mpingo vizuri. Nasema usilipe bei ya Glasgow.

Nani achukue ipi

Kama unaishi Uskoti, hutasafiri nayo, unataka kupanda jukwaani peke yako, na muuzaji ana usajili wake, chukua Henderson ya pembe na usitazame nyuma. Kama unataka sauti hiyo bila pembe, tafuta Henderson ya nikeli au ya fedha na plastiki. Zipo, na wakusanyaji wa mapambo huzipita.

Glen ya kokasi ningeichukua mimi. Nina seti ya bendi tayari, napuliza jioni jikoni, na besi ile laini ndiyo ningependa kuzeeka nayo. Lakini kokasi inahitaji mtu mvumilivu wa kutafuta ndimi. Ndimi za plastiki na kaboni za leo zimetengenezwa kwa matundu ya kufanana na Henderson. Kwenye Glen ya kale nyingine hupiga kelele kama mbuzi, nyingine hunyamaza kabisa. Utajaribu za mwanzi, utajaribu za plastiki, utatumia miezi. Muscat, penye joto nje na kiyoyozi ndani, na fundi wa kumkimbilia hayuko mtaani, sikuona haki kumbebesha mzigo huo.

"Kaka, kwa hiyo Lawrie?"

Lawrie. Mpingo, hakuna pembe, umri umethibitika, besi nene, inakubali ndimi za kisasa bila ubishi, na pesa iliyobaki inatosha mfuko mpya na chanta ya leo. Nilimwomba kwanza amshawishi muuzaji apige simu ya video na kuzipuliza tenori mbili peke yake, chanta imezibwa kwa kizibo. Wakati zinapotofautiana unasikia wimbi, wau, wau, wau. Fundi akiisogeza moja kidogo kwenye kishina chake, wimbi linapungua kasi, linakuwa refu, kisha linapotea na bomba mbili zinakuwa moja. Sikiliza zinakaa hapo muda gani. Za kwenye video zilikaa dakika mbili na nusu, nilihesabu, na aliyepuliza hakuwa hodari.

Boksi lilifika Muscat baada ya siku kumi na moja. Jana amenitumia sauti: tenori ya nje inateleza yenyewe kila akipuliza robo saa, inashuka. Nimemwambia kishina kimekauka kwa kiyoyozi, aongeze uzi wa katani uliopakwa nta, mizunguko mitatu kwanza, ajaribu, asilazimishe. Na boksi alihamishie chumba kisicho na kiyoyozi.